Telekomandi mpya ya Birere na ile ya zamani ya Baba

Nianze na hukumu, kwa sababu najua anayetafuta habari hizi telekomandi (rimoti ya televisheni) imemfia mkononi na mechi iko karibu kuanza. Telekomandi za "chapa zote" zinazouzwa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kwenye meza za vifaa vya simu zinafanya kazi, na kwa faranga 7000 nilizotoa sikuibiwa. Ila kama ile iliyokuja na televisheni yako bado iko nyumbani, ifungue kwanza. Yetu ilipona, na ndiyo inayotumika leo.

Baba yangu haoni. Glakoma ilianza na jicho la kushoto, halafu la kuume, na tulipofika kwa daktari mengi yalikuwa yameshapotea. Alikuwa dereva wa lori njia ya Goma hadi Butembo, na mikono yake bado ni ya dereva: inajua kila kitu kilipo bila kuuliza. Anakaa kiti cha dirishani, telekomandi juu ya goti, kidole gumba kinatafuta kile kidoti kilichoinuka juu ya 5. Telekomandi nyingi zinacho, lakini sisi wenye macho tunaishi nazo miaka bila kukigusa. Akishakipata kidoti, nyumba yote ya vitufe iko wazi kwake: juu kulia sauti, chini kushoto kuzima mlio, na 5 yenyewe ndiyo habari.

Mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei usiku, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama. Sisi wa mtaa wa Mabanga tulielekea Sake na umati wa watu, mizigo kichwani. Televisheni ilibaki mikononi mwa Mungu. Tulipofika, Baba akavua koti ili amfunike mtoto, na telekomandi ikaanguka kutoka mfukoni. Hakuna aliyesema neno. Mama aliiokota, akaifuta kwa kitenge, akamrudishia. Nasimulia hili ili ieleweke kwa nini sikutaka kuitupa, hata pale fundi mmoja wa mtaani alipoigeuza mara moja, bila kuifungua, akaniambia: "Mama, hii imeisha, tafuta ingine."

Ugonjwa wenyewe ulianza na kitufe cha kuongeza sauti. Baba akawa anakikandamiza mpaka ukucha unageuka mweupe. Baada ya majuma kadhaa 5 nayo ikaanza kukataa, ikikubali asubuhi na kugoma jioni. Tukabadilisha pile, yaani betri. Mpwa wangu akaipigapiga kwenye kiganja. Mwisho nikaenda Birere.

Niliyonunua haina jina la kampuni. Ni nyepesi mno, ukiibana katikati inalia. Ndani ya pakiti kuna karatasi iliyokunjwa mara nne yenye namba za kila chapa ya televisheni, maandishi madogo kuliko yale ya kwenye maboksi ya dawa, nami nauza dawa, nimeyazoea maandishi madogo. Unashikilia kitufe kilichoandikwa SET mpaka kitaa chekundu kiwake kisizime, kisha unaingiza tarakimu nne za chapa yako. Namba tatu za kwanza zilikataa. Ya nne ilikubali nusu: kuzima ndiyo, sauti ndiyo, menyu hapana. Nikaenda njia ya pili, ya kuiacha itafute yenyewe. Unaielekeza kwenye televisheni, inapitia namba moja baada ya nyingine, na televisheni ikizimika tu unabonyeza haraka ili iishike namba hiyo. Mara ya kwanza nilichelewa, ikapita, tukaanza upya. Mara ya pili niliipata, na menyu pia ikafunguka.

Kwa hiyo kwa mtu mwenye macho, na ambaye telekomandi yake imepotea kabisa au imekanyagwa, ninaisifu bila wasiwasi. Kutoka kwenye kiti hadi televisheni ni kama mita tatu, inafika vizuri. Lakini lazima uielekeze sawasawa, wakati ile ya zamani hata ukiielekeza ukutani mwanga wake unagonga na kurudi, televisheni inatii. Jambo lililoniudhi ni kwamba nilipotoa pile zake ilisahau kila kitu, nikarudia kazi yote. Ukiipata namba yako, iandike kwenye kipande cha plasta uibandike ndani ya kifuniko cha pile, usije ukaanza tena gizani.

Kwa Baba hali ilikuwa tofauti. Vitufe vyote vina ukubwa mmoja, vimepangwa kama maharage kwenye sinia. 5 ni laini sawa na 4 na 6. Sauti iko kushoto. Aliishika muda mrefu, akaipapasa juu mpaka chini, kisha akaiweka mezani taratibu, akaniambia: "Mama, hii ni ya mutu mwingine." Nikadondosha tone la rangi ya kucha juu ya 5, likakauka likawa kidoti. Lilisaidia, naye alinishukuru, lakini siku iliyofuata nilimkuta na ile mbovu juu ya goti, anaikandamiza. Hapo ndipo nilipoamua kuifungua.

Kabla ya bisibisi, chukua simu. Washa kamera, ielekeze kwenye kile kitaa cha mbele ya telekomandi, kisha bonyeza vitufe kimoja kimoja ukiangalia kwenye kioo cha simu. Mwanga wa infraredi jicho la mtu haliuoni, ila kamera nyingi zinauona: utaona kitaa kinawaka rangi ya zambarau au nyeupe. Ukiwa huoni kitu kwa kamera ya nyuma, jaribu ile ya mbele, maana kamera za nyuma za simu nyingine zimewekewa kichujio. Yetu ilipobonyezwa kitufe cha kuwasha, kitaa kiliwaka vizuri. Kuongeza sauti, giza. 5, giza, mpaka nikandamize kwa nguvu zote. Maana yake pile nzima, kitaa kizima, ubongo wake mzima. Ugonjwa uko chini ya vitufe viwili hivyo tu, na fundi aliyesema imeisha hakuwa amefanya jaribio hilo la nusu dakika.

Baba aliniuliza naona nini. Nikamweleza kuhusu mwanga ambao macho ya binadamu hayaufikii. Akakaa kimya kidogo, akasema: "Basi hapo mimi na wewe tuko sawa."

Yetu ina skurubu mbili, zote ndani ya nyumba ya pile, moja imefichwa chini ya karatasi ya kubandika. Ukishazitoa, magamba mawili bado yameshikana kwa meno ya plastiki kuzunguka pembeni. Usitumie kisu, kitakwaruza na kinaweza kukuchoma. Mimi nilichukua ile kadi ya plastiki inayobaki ukishang'oa laini ya simu, nikaiingiza kwenye ufa, nikaizungusha polepole, na kila jino lilipoachia lilitoa mlio kama ganda la karanga.

Ndani nilikuta Goma yenyewe. Vumbi jeusi la makoro, mawe ya volkano, lile linaloingia hadi kwenye sukari, limejaa kwenye kona zote, na juu yake mafuta ya vidole yamefanya utando wa kunata, rangi ya asali iliyozeeka. Vitufe vyote ni mkeka mmoja wa mpira. Ukiugeuza, chini ya kila kitufe kuna kidoti cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidoti kinashuka na kuunganisha njia mbili za umeme zilizo kwenye kibao. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Utando ukiingia katikati, au kaboni ikilika, umeme haupiti, nawe unazidi kukandamiza, na kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyolika zaidi.

Mkeka niliuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa vidole tu, nikauanika ndani juu ya taulo usiku kucha. Vidoti vyeusi usivisugue, na usivipake alkoholi nyingi, utaondoa kaboni pamoja na uchafu. Kibao ndicho kinachotaka alkoholi. Hapa naongea kama mtu wa famasi: chupa ya asilimia 70 ni nzuri kwa ngozi, lakini karibu theluthi yake ni maji. Kwa kibao chukua ya 90, inakauka upesi. Nilitumia vijiti vya pamba vya masikio, na kijiti cha kwanza kilitoka rangi ya chai ya rangi. Cha sita kilitoka cheupe.

Kwenye springi za pile kulikuwa na ukoko. Zile pile za bei ndogo tunazonunua zina kopo la zinki, na zinki hiyohiyo ndiyo inayoliwa pile inapofanya kazi. Ikiisha, kopo limekuwa jembamba, linatoboka na kuvuja. Kwa hiyo pile iliyokufa usiiache ndani, hata siku moja. Ukoko niliukwangua kwa ubavu wa kiberiti, pale pa kuwashia njiti, kisha nikafuta kwa alkoholi. Kama pile zako zilikuwa za alkalini, ukoko mweupe unaondoka vizuri kwa kijiti chenye tone la siki au ndimu, halafu alkoholi.

Asubuhi nilirudisha kila kitu. 5 iliitika kwa kuguswa tu, kwa kweli nilipiga vigelegele peke yangu. Kuongeza sauti, bado giza. Nilipoangalia kwa karibu, kidoti chake hakikuwa cheusi tena. Kilikuwa kijivu, na katikati mpira ulionekana kama goti la suruali iliyochakaa. Kaboni ilikuwa imekwisha.

Dawa yake ni kubandika kipande kidogo cha aluminiamu juu ya kidoti. Nilichokuwa nacho karibu ni plakete tupu ya parasetamoli, ile pakiti bapa ya vidonge, nikakata kiduara kwa mkasi wa kucha, nikakibandika kwa supagluu. Hakikufanya kazi hata kidogo, nami ningepaswa kujua: karatasi ile ya plakete ina gundi ya kuishikisha kwenye plastiki upande mmoja, na rangi na vanishi upande wa pili. Umeme hauoni aluminiamu pale, unaona vanishi. Halafu supagluu nayo haishiki vizuri kwenye mpira wa silikoni, kiduara kilining'inia baada ya kubonyeza mara chache tu.

Jioni ya pili nilichukua karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ile ya kufungia samaki, ambayo haina rangi wala vanishi. Nikakata kiduara kidogo kuliko kidoti, ili kisiguse njia za jirani. Gundi nikamwomba jirani anayefunga vioo, tone dogo la silikoni kwenye ncha ya njiti. Inanuka siki inapokauka, na harufu hiyo isifungiwe ndani na vyuma, kwa hiyo niliacha mkeka wazi hadi siku ya pili. Ukikosa gundi hiyo, kuna njia nyingine niliyoonyeshwa baadaye na kijana wa Katindo: unakata kidoti kizima kutoka kwenye kitufe ambacho hamkitumii kamwe, kama vile vya rangi nne vya chini, unakihamishia kwenye kile kilichokufa.

Gharama yote: alkoholi na vijiti vilikuwepo nyumbani, aluminiamu pia, silikoni nilipewa bure. Pile mpya mbili. Kazi ni jioni mbili na subira ya kukausha. Sasa ni mwezi wa tatu, kitufe cha sauti kinaitika, ingawa kinatoa mlio mdogo wa karatasi ukikibonyeza, na Baba anaupenda mlio huo kwa sababu unamwambia kidole kimefika.

Kuna telekomandi ambazo njia hii haitaziponya. Kama kwenye kamera kitaa hakiwaki kwa kitufe chochote, na pile ni mpya, na springi ni safi, huenda ilianguka na kile kipande kidogo kinachopiga mapigo ya umeme kikapasuka ndani, au kitaa chenyewe kimekufa. Hapo mtu asiye na chuma cha kulehemu anunue ya Birere, nami nitamwonyesha meza yenyewe. Achague yenye kidoti juu ya 5. Nilirudi kuuliza, muuzaji akazipapasa zote mbele yangu, akapata mbili katika rundo zima. Moja niliinunua. Imelala kwenye droo bila pile, na namba ya televisheni imeandikwa kwenye plasta ndani ya kifuniko.