Chumba cha gemu nyuma ya soko la Mwanjelwa: mahali pa kulelea timu changa ya kikapu

Vyumba vya gemu havikosekani Mbeya, kuanzia Soweto hadi Uyole, lakini karibu vyote vimepangwa kwa ajili ya mpira wa miguu: vijana wawili wanakaa, wanacheza mechi ya dakika chache, aliyefungwa anaachia pedi na anayefuata anaingia. Kwa mpenzi wa kikapu, hasa yule anayetaka kuichukua timu changa na kuilea mpaka iwe inaingia hatua ya mtoano kila mwaka, utaratibu huo haufai, kwa sababu kazi ya namna hiyo haiishi kwa mkao mmoja. Chumba ninachokiandikia hapa kipo nyuma ya soko la Mwanjelwa, hakina hata bango, na ninakipa alama za juu kwa sababu moja kuu: kinamtunzia mteja timu yake.

Utunzaji wenyewe ni wa kawaida sana, lakini sijauona kwingine mjini. Mteja wa kudumu anafunguliwa akaunti yake ndani ya mashine, na jina lake linaandikwa kwenye daftari la mistari pamoja na namba ya mashine aliyopangiwa, ambayo imebandikwa juu ya kila televisheni kwa karatasi na gundi. Mtu mwingine akija kucheza, anatumia akaunti ya wapita njia, hivyo hawezi kufuta msimu wako. Kijana anayesimamia chumba analichukulia jambo hili kwa uzito ambao wenye maduka makubwa wangejifunza kwake. "Shikamoo mwalimu. Ukimaliza usizime, niite kwanza nihakikishe imesevu," ndivyo anavyosema kila ninapokaa, hata kama ameshaniambia hivyo wiki iliyopita.

Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba timu yako imefungwa kwenye mashine moja. Ukikuta mashine hiyo imekaliwa na mtoto aliyelipia saa nzima, utasubiri, na benchi la kusubiria liko mlangoni kabisa, ambapo baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba haimwonei mtu huruma. Chumba pia hakina betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya msimu, au luku ikiisha kabla msimamizi hajaongeza, unapoteza yote uliyofanya tangu kusevu mara ya mwisho. Dakika zako unarudishiwa bila mjadala, jambo ambalo ni la haki, ila mechi ulizoshinda ndiyo basi tena. Bei ya saa moja ni pungufu ya sahani ya chipsi mayai, na kwa wanaokaa muda mrefu kuna punguzo ambalo halijaandikwa popote, inabidi uliulizie.

Gemu lililopo ni NBA 2K21, la ligi ya kikapu ya Marekani (NBA), kwenye PS4, na wengi watasema limepitwa na wakati. Kwa kazi hii, kupitwa kwake na wakati ndiyo faida. Sehemu zake mbili ndizo zinazohusika: MyLeague, ambamo unaongoza timu mwaka baada ya mwaka na sehemu kubwa ya kanuni unajipangia mwenyewe, na MyGM, ambamo mmiliki wa timu anakuletea madai yake na unalazimika kuyasikiliza. Zote mbili zinachezeka bila intaneti, kitu cha maana sana mahali ambapo bando la msimamizi ndilo bando la chumba kizima. Halafu toleo hilo linakupeleka kwenye msimu wa 2020–21, na hapo ipo timu moja ambayo tangu wakati huo imekamilisha kwa kweli safari ambayo wewe unaianza kwa pedi. Timu hiyo ni Oklahoma City Thunder.

Watanzania tuna sababu yetu ya kuikumbuka Oklahoma City, kwa kuwa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa chipukizi (zoezi la kila mwaka ambalo timu za NBA hupokezana kuchagua wachezaji wapya) wa mwaka 2009, aliichezea baadaye, kuanzia 2012 hadi 2014. Lakini hadithi inayomfaa mchezaji wa MyLeague ilianza Julai 2019, meneja mkuu Sam Presti alipomwachia Paul George aende Los Angeles Clippers na kupata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, nafasi tano za raundi ya kwanza katika uteuzi wa miaka ya mbele na haki ya kubadilishana nafasi nyingine mbili. Moja ya nafasi hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams, aliyechaguliwa wa 12 mwaka 2022. Kati ya biashara ile na ubingwa wa Juni 2025, walipoifunga Indiana Pacers kwa michezo 4–3, kuna misimu ambayo shabiki wa kawaida angeizimia televisheni: ushindi 22 dhidi ya vipigo 50, kisha 24 dhidi ya 58. Desemba 2021 Memphis hao hao waliwafunga 152–79, tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya ligi hiyo. Baada ya hapo ngazi zikapandwa moja moja: ushindi 40, kisha 57, kisha 68.

Ninaitaja historia hii kwa sababu ndiyo kipimo nilichokitumia kulipima gemu, na kwa sehemu kubwa gemu limefaulu. Upande wa fedha ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho ligi inaiwekea jumla ya mishahara ya timu, kilikuwa dola milioni 109.14 msimu ule, na ndani yake kijana aliyechaguliwa raundi ya kwanza anakuja na mkataba wa bei nafuu: miaka miwili ya uhakika, halafu wa tatu na wa nne ambayo timu ina hiari ya kuiendeleza. Miaka hiyo minne ndiyo dirisha. Mchezaji bado anapokea kidogo huku akicheza kama mkubwa, na pesa inayobaki inakuwezesha kumleta mtu mzima wa kumtengenezea njia. Dirisha likifungwa, kijana huyo huyo kwa kawaida anaweza kudai hadi robo ya kikomo chote. Ukiwa umewachagua wawili wazuri mwaka mmoja, wote watakugongea mlango siku moja, na ndipo inapojulikana kama umejenga timu ya mtoano wa kila mwaka au ya mara moja tu. Oklahoma City halisi ilikumbana na siku hiyo Julai 2025, ilipowaongezea mikataba Gilgeous-Alexander, Williams na Chet Holmgren ndani ya mwezi mmoja, kwa jumla inayoweza kuzidi dola milioni 800. Iliwezekana kwa sababu nafasi za uteuzi zilizobaki ghalani zilikuwa bado zinaleta vijana wa mishahara midogo wa kujazia benchi. Kwenye gemu, mchezaji aliyeziuza nafasi zake zote msimu wa pili ili apate nyota mmoja wa miaka 31 hana pa kushika.

Mipangilio ya mwanzo, hata hivyo, haimfai mtu makini. Ukiiacha ilivyo, timu zinazoongozwa na kompyuta ni rahisi mno kuzishawishi, na mteja mwenye haraka ataokota ubingwa mapema kwa kubadilishana wachezaji tu. Pandisha ugumu wa majadiliano, acha majeraha yawepo, na usizime kikomo cha mishahara. Majeraha hasa ni ya lazima: Holmgren, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2022, alikosa msimu wake mzima wa kwanza kwa kuumia mguu, na timu isiyoweza kuvumilia mwaka mmoja wa namna hiyo haijajengwa vizuri. Kuhusu urefu wa mechi, kila robo ya mechi ikiwa ya dakika tano inatosha; cheza mechi chache zenye uzito na uiachie mashine ijichezee nyingine kati ya zile 82 za msimu wa kawaida, la sivyo saa zako za kulipia zitaishia mwezi Desemba.

Kuna kitu ambacho hakuna pedi itakayokupa, nacho ni kocha. Mark Daigneault alikabidhiwa Oklahoma City mwaka 2020, akapigwa misimu miwili mfululizo, na hakuna aliyemwondoa. Mwaka 2024 akawa kocha bora wa mwaka. Kwenye gemu, kocha ni orodha ya namba unayoweza kuibadilisha kabla chai haijapoa, na kwa hiyo mchezaji hahisi kabisa ugumu wa kumshikilia mtu anayepoteza. Vivyo hivyo Luguentz Dort, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2019 na bado akawa nguzo ya ulinzi ya timu bingwa: gemu linaweza kumpa alama za ulinzi, lakini halionyeshi alivyozipata. Vijana ninaowafundisha kikapu uwanjani wanapokuja nami pale, hili ndilo ninalolazimika kuwaelezea kwa mdomo, maana wao huona kwamba mwenye alama 70 leo atafika 85 kwa kuwa tu ana miaka 20.

Kwa anayetafuta burudani ya nusu saa baada ya kutoka sokoni, sioni sababu ya kupita vyumba vingine akaja hiki. Televisheni ni ndogo, viti ni vya plastiki, na kitufe kimoja cha pedi ya mashine ya tatu kinakwama. Kwa anayetaka kujua kwa nini timu moja inarudi kwenye mtoano kila mwaka na nyingine inaonekana mara moja ikapotea, ni huduma ninayoipendekeza bila kusita, na ninaipa nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa siku watakayonunua betri. Nenda asubuhi za siku za kazi, wanafunzi wakiwa darasani, na uombe mashine ya pili, ambayo iko mbali na mlango. Jina lako liandikwe daftarini kabla hujaanza msimu wa kwanza, kwa kuwa msimu ulioanzishwa kwenye akaunti ya wapita njia hauhamishiwi kwingine.