Fizio ya uso uliopooza: maoni yangu baada ya miezi mitatu

Naandika hii kwa sababu mwezi wa nne nilikuwa natafuta mtu wa kunieleza fizio ya uso, yaani tiba ya mazoezi, ikoje na sikumpata, kila niliyemuuliza ananiambia nenda kwa mzee fulani akakusomee. Jina la kliniki siliweki maana sijawaomba ruhusa, ni sehemu ndogo tu hapa Dar, vyumba vitatu ghorofa ya pili, lakini huduma yao nitaisema yote, nzuri na mbaya.

Niliamka asubuhi nasukutua, maji yanachuruzika upande wa kulia nikadhani ni usingizi, kuja kwenye chai nayo inanimwagikia kwenye khanga, kwenda kwenye kioo jicho la kulia halifumbi na mdomo umevutwa kushoto. Mama mkwe akasema hiyo ni feni umelala inakupiga, jirani akasema jini, mume wangu yeye alikaa kimya tu maana baba yake kiharusi kilimuanza hivyohivyo. Hospitali daktari akaniambia nyanyua nyusi zote mbili, upande wa kulia paji la uso halikukunja hata mstari mmoja, akanipima nguvu za mikono na miguu, akasema hiki si kiharusi, ni neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu wa kuendesha misuli ya uso, imevimba, wao wanaiita Bell's palsy kwa jina la Charles Bell daktari wa Uskoti wa zamani. Nikaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, siku hiyohiyo, na hizo dawa ndugu zangu zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 kwa hiyo usikae nyumbani unakandwa maji ya moto kwanza. Na usijipime mwenyewe kwa nyusi ukasema ah mimi sio kiharusi, kimbia hospitali wakupime wao.

Sasa fizio. Kijana mdogo, sidhani kama amefika 30, siku ya kwanza karibu nusu saa nzima hakunigusa. Alileta kichwa cha plastiki kimebanduliwa ngozi nusu, misuli myekundu, neva za njano, akakiweka mezani akasema "mama Ibra, kabla sijakupa zoezi nataka ujue unafanyia zoezi kitu gani". Hilo peke yake mimi nawapa nyota zote.

Akanionyesha ubongo unatoa jozi 12 za neva, hii yangu ni ya 7, inapita kwenye tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio kabla ya kujigawa usoni, sasa ikivimba mle ndani haina pa kwenda, inajibana yenyewe. Misuli ya uso akaniambia haifanani na ya mkono, mingi imejishika kwenye ngozi na sio mfupa kwa mfupa, ndo maana tukicheka ngozi inakunja. Na habari ya paji la uso ndo nikaielewa hapo, paji linapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha upande mmoja mara nyingi mtu mdomo unapinda lakini nyusi bado zinanyanyuka, ila neva yenyewe ikibanwa huku nje basi nusu nzima ya uso inalala.

Halafu akaniuliza, ladha ikoje? Nikashtuka. Kuna mambo mawili sikumwambia mtu yeyote hata mume wangu, niliogopa wataniona nimechanganyikiwa: chai nikiinywa upande wa kulia kama haina sukari, na mfuniko wa sufuria ukianguka sikio la kulia linauma kabisa. Akasema ni neva hiyohiyo, inabeba ladha ya ulimi sehemu ya mbele, kama theluthi mbili, na inaendesha kamsuli kadogo sana ndani ya sikio kanakovuta kimfupa kidogo kuliko vyote mwilini ili sauti kubwa isiingie kwa nguvu, kamsuli kakilala kelele inaingia yote. Nililia pale pale, wiki nzima nilikuwa najiona naharibika vitu vitatu tofauti, mdomo, ulimi na sikio, kumbe ni kitu kimoja.

Akanifinya shavu, nikahisi. Hiyo akasema ni neva ya 5, haina shida, na hiyo ya 5 ndo inaendesha misuli ya kutafuna. Mimi nilikuwa natafuna bigijii tangu siku ya pili kwa ushauri wa mtaa mpaka taya linauma, kumbe nafanyisha kazi misuli ambayo haijaumwa. Kupuliza puto nako akanikataza. Mazoezi yake ni madogo madogo mbele ya kioo, taratibu, dakika 10 mara tatu kwa siku, ukilazimisha misuli inajifunza vibaya. Jicho alilikazania kuliko mdomo, matone ya machozi bandia mchana, usiku mafuta ya jicho na plasta, kwa sababu likikauka linapata kidonda na uoni unaharibika.

Kingine, sehemu nyingine nilikopita kwanza walitaka ninunue pakeji ya vipindi 10 vya mashine ya umeme. Huyu nilimuuliza akasema hakuna ushahidi mzuri kwamba inaharakisha kupona, okoa hela yako.

Mabaya sasa. Hakuna lifti, na wagonjwa wengi pale ni wa kiharusi, nimemwona baba mtu mzima anabebwa na vijana wake ngazi zote zile, hili linaniuma kweli na nimewaambia. Apointimenti ya saa tatu unaweza kuingia saa tano. Bima hawapokei, kipindi ni elfu 25 taslimu. Na kioo cha mazoezi kipo karibu na mlango, unapokunja uso kila anayepita anakuona, kwa mwanamke ambaye wiki nzima anajifunika mtandio kwa aibu hiyo si sawa, wanunue pazia.

Nimeenda vipindi 9. Wiki ya tatu kona ya mdomo ilianza kucheza, wiki ya sita jicho likafumba, ladha ilirudi mapema zaidi. Alinieleza nyuzi za neva zikiwa zimekufa zinaota upya kama milimita 1 kwa siku, ndo maana wengine inachukua miezi. Mimi bado nikicheka jicho la kulia linajikunja, anasema baadhi ya nyuzi zimeota zikaingia msuli usio wake, sasa tunafanya zoezi la kucheka kidogo huku jicho nimelishikilia wazi.

Ukienda kwao beba picha yako ya zamani ukiwa unacheka, wataiomba. Yangu ya harusi ya wifi wanayo kwenye faili.