Psion 5mx au HP 200LX: ipi uchukue na kuipanga kwa matumizi ya kila siku

Kwa sisi wa Mtwara, umeme ukikatika hizi kompyuta mbili ndogo za mfukoni za zamani hazikuachi, zote zinakula betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, unazipata duka lolote hata Mikindani.

Sa tofauti iko kwenye kazi yako. HP 200LX ya 1994 ni DOS kabisa, ule mfumo wa zamani wa kompyuta wa kuandika amri, na Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, imo humo humo ndani, kwa hiyo kama unaandika kilo za korosho na hela za kila mkulima msimu wa minada, we chukua hii. Unafungua autoexec.bat, faili la amri zinazoenda mashine ikiwaka, unaipanga unavyotaka, unaweka makro, yaani maandishi au amri ulizohifadhi, kwenye vitufe vya Fn na F1 mpaka F10, ukibonyeza tu inakuandikia sentensi nzima. Ila kioo hakina taa, usiku utateseka, na vitufe ni vya kubonyeza kwa dole gumba.

Psion 5mx, 1999, hapo kibodi ndo penyewe jamani! Ukifungua kibodi inateleza mbele yenyewe, unachapa kwa vidole vyote, taa ya kioo ipo, kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash unachomeka moja kwa moja, na lugha ya kuandikia programu ya OPL imo ndani unajitengenezea kiprogramu chako bila kompyuta nyingine. Ugonjwa wake ni ule utepe wa waya wa kioo, unakatika kwa kufungua na kufunga, kwa hiyo kabla hujatoa hela fungua funga taratibu uone kama mistari inatokea.

Mi kwa kuandika nachukua Psion, kwa hesabu HP.