Mashine ya mkono ya kubangua mise: uzoefu wangu baada ya misimu miwili

Kabla ya mashine hii nilikuwa nagonga kokwa za chikichi moja moja juu ya jiwe ili nipate mise, yaani viini vya ndani. Ukikosea, kidole kinavimba. Kutwa nzima unainuka na mgongo unauma, ndoo haijafika hata nusu.

Mashine yenyewe ni nyepesi kuielewa. Unamimina kokwa juu, zinashukia kwenye sahani yenye mapanga, ukizungusha mpini gia zinaongeza mwendo na kokwa zinarushwa kwa nguvu ukutani mwa pipa la chuma. Hapo ndipo zinapopasukia. Haina injini, na nati ikilegea unaikaza mwenyewe.

Siku ya kwanza niliichukia. Nilitia kokwa zilizobaki kwenye kukamua mawese siku mbili tu nyuma, bado mbichi. Nyingine zilitoka kama zilivyoingia, nyingine viini vimesagika na kunata kwenye magamba. Fundi akaniambia nizianike kwanza. Nikadhani anajitetea, lakini nilizianika wiki mbili, mpaka ukitikisa kokwa sikioni unasikia kiini kinagonga ndani. Kikikauka kinasinyaa na kuachana na gamba, na gamba likipasuka kinatoka kizima. Uzima huo ndio mali yote: kiini kilichovunjika kinaota ukungu upesi, na mafuta yake yanachacha.

Pia usichanganye kokwa. Za dura, aina mojawapo ya mchikichi, zina gamba nene, zinataka uzungushe kwa nguvu. Za tenera, aina nyingine, gamba lake jembamba. Ukizipa mwendo uleule unavunja viini. Mimi nazitenga, kisha nazichekecha kubwa na ndogo mbali mbali.

Lawama yangu kubwa ni kwamba aliyeiunda aliwaza kupasua tu. Viini na magamba vinamwagika pamoja chini, na kuchambua kwa vidole kunakula muda kuliko kubangua. Kilichoniokoa ni udongo wa mfinyanzi. Nauvuruga kwenye pipa la maji hadi yawe mazito, namwaga mchanganyiko, magamba yanazama na viini vinaelea, navikomba kwa chujio. Viini vikizama, ongeza udongo. Magamba yakielea, ongeza maji. Ukishavikomba, vioshe na kuvianika siku hiyohiyo.

Mdomo wa juu nao haukuwa na kizuizi, kokwa zikiingia nyingi mpini unagoma. Nilimwomba fundi achomelee kibati cha kusogeza ili nipunguze au niongeze, na tangu hapo haijakwama. Beringi zipake grisi mara kwa mara, vumbi la magamba linaingia kila mahali.

Kwa anayebangua nyumbani, naisifu kwa moyo wote. Mtoto asiisogelee wakati inazunguka, vipande vinaruka hadi nje. Magamba nayo usiyatupe. Yana moto mkali, mimi ndiyo ninayochemshia chikichi za awamu inayofuata.