Stelingi gani anaacha plutonium? Uzoefu wangu na Mission: Impossible – Fallout

Juzijuzi nimeirudia filamu hii ya 2018 pale kibanda umiza cha mtaani kwetu, na nimetoka roho inaniuma vilevile kama mara ya kwanza.

Mambo ya pikipiki za Paris na helikopta wengine watawasimulia. Mimi shida yangu ni Berlin, mwanzoni kabisa. Ethan Hunt ameshaipata plutonium, mapande matatu, mabomu matatu ya nyuklia hayo. Mara Luther kakamatwa, bastola kichwani. Basi Ethan anahangaika na rafiki yake, na wakija kugeuka, mzigo haupo. Haupo! Jasusi mzoefu kiasi kile anaweka roho za mamilioni rehani kwa ajili ya mtu mmoja? Nilisimama nikapiga kelele mpaka mwenye kibanda akaniambia nikae au nirudishiwe hela yangu.

Mdogo wangu akaanza: "Kaka, kule Kashmir si Luther huyohuyo anatoa jasho kwenye bomu? Angekufa Berlin, nani angelitegua?" Nikamwambia, mzigo ungebaki mikononi mwao Berlin, kusingekuwa na bomu la kutegua wala zile dakika 15 za kukimbizana na saa. Watu wakamshangilia yeye. Nilichukia kweli.

Halafu ikafika ile sehemu ya yule askari wa kike, Paris. Yuko peke yake, hata hajui kajikuta katikati ya nini. Ethan anamsihi kwa Kifaransa aondoke zake. Wanatokea wale majambazi, wanampiga risasi, dada wa watu yuko chini. Ethan angeweza kukaa kimya, maana ndio wenzake kwenye lile dili la kuirudisha plutonium. Anawamaliza wote wanne, anaharibu mpango mzima, kisha anainama kumwomba radhi yule dada. Ukimtazama usoni unaona hana hesabu yoyote kichwani, kaumia tu.

Hapo nilinyamaza. Mtu asiyeweza kumwacha askari asiyemjua hata jina, utamwambiaje amwache Luther?

Nilishapanga kuipa mbili kwa kumi, kwa sababu ya Berlin tu. Naipa nane. Tisa, kwa ajili ya yule dada. Lakini jamani, pale Berlin walikuwa watatu, hata mmoja akakosa kuweka mguu juu ya lile begi?