Mazao mabichi ya Kigoma kwa jiko la mgahawa: kipi kinunuliwe lini, kipi kiachwe

Menyu iliyochapishwa Januari ikatumika mpaka Desemba haifai Kigoma. Mboga zinazoshuka soko la Mwanga kutoka milima ya Kalinzi na Manyovu zinafuata mvua, na samaki wa Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika, wanafuata mwezi wa angani. Mvua, yaani masika ya hapa, huanza Oktoba au Novemba na kukatika mwishoni mwa Aprili au Mei. Andika vyakula ubaoni kila asubuhi baada ya kutoka sokoni, utapata vitu ambavyo jiko la Dar es Salaam haliwezi kuvipata kwa pesa yoyote.

Cha kwanza ni uyoga wa pori. Hutoka masika yote, na siku nzuri kupita zote ni zile mvua inaponyesha usiku na asubuhi jua likawaka. Unaostahili bei yake ni uyoga wa vichuguuni. Kofia yake ni pana, ina ncha ya kahawia katikati, na shina linateremka kuwa mzizi mrefu uliokuwa umezama ndani ya kichuguu. Chagua ambao kofia haijafunguka yote, ukingo haujachanika, na shina likibanwa haliingii ndani kama sifongo. Mwombe muuzaji apasue shina moja kwa urefu mbele yako. Ukiona vijitundu vyembamba vya kahawia, funza wameshaingia, na ndani ya kofia watakuwa wengi zaidi.

Hapa tuwe wakali kidogo. Usinunue uyoga wa pori uliokatwa kitako. Wachuuzi wengine hukata ili kuondoa udongo na kupendezesha fungu, lakini kitako ndicho kitambulisho. Uyoga mweupe wenye kifuko kama kikombe chini ya shina ni wa jamii ya Amanita, na katika jamii hiyo wamo wanaoua kwa kuharibu ini. Ipo Amanita inayolika na watu wa misitu ya miombo wanaijua vizuri, ila mgahawa hauna sababu ya kubahatisha. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha, na dalili huanza saa sita au zaidi baada ya kula, wageni wakiwa wameshaondoka. Vipimo vya kutia kitunguu sufuriani, au kutazama kama wadudu wameula, havina ukweli wowote. Nunua kwa mama mmoja unayemfahamu, uyoga mzima na mizizi yake.

Ubebe kwenye kikapu au tenga lililotandikwa majani. Ukiufunga kwenye nailoni unatoa jasho, na kabla ya saa sita mchana unateleza na kunuka. Usiuloweke. Kwangua udongo kwa kisu, pangusa kwa kitambaa kibichi, usuuze haraka tu pale palipogoma. Karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kwa sahani kumi za kitoweo nunua kilo mbili. Uanze kwenye kikaango kikavu, uache utoe maji yake na yakauke, ndipo utie mafuta na kitunguu. Ukianza na mafuta utachemka ndani ya maji yake na kuwa kama mpira.

Sombe, yaani kisamvu, ipo mwaka mzima lakini si sombe moja. Masika majani ni mapana na laini, kiangazi mihogo hupukutisha na yanayobaki huwa magumu. Chuma ya nchani tu, majani matatu au manne ya juu, na kikonyo cha jani kikipindwa kivunjike kwa mlio. Sombe iliyotwangwa tayari ni rahisi, ila ina kasoro kubwa: jani likishapondwa linaanza kubadilika papo hapo, na ikikaa juani mpaka adhuhuri inakuwa nyeusi na chachu. Ama utwangiwe ukiona, ama ununue majani ukatwange mwenyewe. Kutwanga vizuri kunasaidia pia kutoa sumu ya muhogo, na ndiyo maana sufuria huachwa wazi ili mvuke utoke nayo. Chemsha si chini ya saa moja kabla ya kutia karanga au mawese. Mpishi anayefunika sufuria ili kuokoa mkaa anafunika na ile sumu.

Mawese ya hapa ndiyo sababu ya watu kubeba madumu wanaposafiri. Mazuri yana rangi ya chungwa iliyokolea na harufu kama ya karoti iliyoiva, na ukilamba hayakwaruzi koo. Yakikwaruza, ujue matunda yalirundikwa siku nyingi kabla ya kukamuliwa. Tunda la mchikichi lililochubuka hutengeneza asidi haraka, na hakuna upishi unaoiondoa. Kugawanyika tabaka mbili, jekundu juu na zito la njano chini, si ubovu, ni ubaridi tu. Pasha polepole, koroga. Cha kuogopa ni maji. Tia kijiko kwenye kikaango cha moto: yakirukaruka na kulia kwa nguvu, yana maji na yatachacha mapema.

Lengalenga, yaani mchicha, majani ya maboga na ngogwe, yaani nyanya chungu, ni za kuaminika, mradi uwahi kabla ya saa mbili asubuhi. Baadaye huanza kunyunyiziwa maji ili zionekane mbichi, na fungu lililoloweshwa huoza katikati usiku huohuo. Ingiza mkono ndani ya fungu: kukiwa na joto, achana nalo.

Nyanya ni kinyume cha uyoga. Masika ukungu huziunguza shambani, zinazofika zimepasuka na zina maji mengi, na bei ya sado, yaani kopo la kupimia, hupanda. Juni mpaka Septemba ndio wakati wa kutengeneza rojo na kuhifadhi. Kwenye tenga omba kumwagiwa mpaka chini, nzuri zote hupangwa juu.

Maembe yanashamiri Novemba hadi Januari. Nunua yaliyochumwa kwa mkono, yaliyotikiswa huwa na doa laini linaloonekana siku ya pili. Nanasi likishakatwa haliongezi utamu, kwa hiyo nusa kitako chake. Lisiponukia leo halitanukia kesho. Parachichi nunua kwa hatua tatu, la leo, la keshokutwa na la mwisho wa wiki, na mabichi yasiingie kwenye friji. Yafunge pamoja na ndizi mbivu.

Kwa samaki, tazama kalenda ya mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa haivuti kitu. Siku kadhaa kabla na baada, mwalo wa Kibirizi huwa na kidogo na cha bei. Usiku wa giza ndio wa kupanga karamu. Fika alfajiri na barafu yako, kwani dagaa mbichi hupasuka tumbo ndani ya saa chache. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo kila mwaka sikiliza tangazo la serikali kabla ya kupokea oda ya harusi ya Juni. Ziwa likifungwa, sombe ya mawese na maharage ya Kigoma, kwa ugali wa muhogo, vibebe menyu.