Kumbi tatu za Indiana: unalipia jengo au timu?

Mpenzi wa kikapu cha vyuo akifika Magharibi ya Kati ya Marekani, jimbo la Indiana huambiwa asiondoke bila kuona kumbi tatu: Mackey Arena ya Purdue pale West Lafayette, Hinkle Fieldhouse ya Butler pale Indianapolis, na Simon Skjodt Assembly Hall ya Chuo Kikuu cha Indiana pale Bloomington. Zote zina jina kubwa na zote zinauzia jina hilo. Shida ni kwamba jengo linabaki vilevile, ila timu ndani yake siku hizi huvunjwa na kusukwa upya kila masika. Anayekata tiketi Oktoba akiikumbuka timu ya mwaka juzi anaweza kukuta amelipia bendera za ukutani.

Mackey ndiyo rahisi kuisifia. Ilifunguliwa Desemba 1967 kwa mechi dhidi ya UCLA ya kocha John Wooden, ambaye mwenyewe alichezea Purdue, na wageni wakaondoka na ushindi wa 73-71. Ni jengo la duara lenye paa la kuba, na viti vyake karibu 14,900 vimezunguka uwanja kama bakuli moja, bila roshani ya juu inayomtenga mtu na mchezo. Unaingia usawa wa ardhi kisha unashuka. Kuba hilo ndilo siri ya kelele: sauti inapanda, inagonga paa, inarudi kichwani. Mechi ikikaza dakika tano za mwisho, kocha mgeni hupoteza bure koo lake. Ishara za vidole ndizo zinazofika uwanjani.

Kiti kibaya hapa ni nadra. Cha kuepuka ni safu za chini kabisa nyuma ya kikapu, kwa sababu mhimili na ubao hukuzibia mchezo unapohamia upande wa pili. Panda safu kumi hivi ubavuni mwa uwanja, utaona jinsi wachezaji wanavyokingiana njia, na hapo ndipo Purdue huishi. Kasoro ya Mackey iko kwenye upatikanaji. Mechi za ligi hujaa watu wenye tiketi za msimu mzima, kwa hiyo mgeni hununua kwa mtu wa pili, na bei inafuata jina la mpinzani. Mechi za Novemba na Desemba dhidi ya vyuo vidogo ni nafuu zaidi, ila kumbuka kwamba kuanzia katikati ya Desemba wanafunzi wako likizo. Bila wale vijana wa Paint Crew, kundi la mashabiki wanafunzi, kuba lile lile linakuwa darasa la mtihani.

Timu yenyewe? Hapa ndipo Mackey inapoziacha mbali nyingine mbili. Matt Painter yuko pale tangu 2005, akiwa amempokea Gene Keady aliyeanza 1980. Makocha wawili katika zaidi ya miaka 40. Na si kwamba hawakuaibika. Katika mashindano ya NCAA, mtoano wa kitaifa wa vyuo ambao kila kanda hupanga timu kutoka namba 1, bora kabisa, hadi 16, mwaka 2021 walitolewa na North Texas waliopangwa namba 13, mwaka 2022 na Saint Peter's namba 15, na mwaka 2023, wao wakiwa namba 1, wakalala 63-58 mbele ya Fairleigh Dickinson namba 16. Ilikuwa mara ya pili tu katika historia ya mashindano ya wanaume namba 16 kumng'oa namba 1. Sababu ilionekana kwa macho: Zach Edey, mwenye urefu wa mita 2.24, alizungukwa mbele na nyuma na kikosi cha watu wafupi, wenzake wakaachiwa wapige kutoka mbali, na mitupo mitano tu kati ya 26 ya pointi tatu ikaingia.

Kwingine baada ya kichapo kama hicho kikosi kingevunjwa. Painter aliwabakiza karibu wote, akaongeza mhamiaji mmoja wa maana, Lance Jones kutoka Southern Illinois, ili mpira upate mtu mwingine wa kuubeba anapobanwa Braden Smith. Mwaka 2024 wakafika fainali kwa mara ya kwanza tangu 1969, wakafungwa na UConn 75-60, Edey akiwa na pointi 37 kati ya hizo 60. Edey alipokwenda NBA, Smith, Fletcher Loyer na Trey Kaufman-Renn, vijana wote wa Indiana, walibaki. Kwa mnunuzi wa tiketi hiyo ndiyo dhamana: sura unayolipia Oktoba utaikuta Februari, na huenda hata mwaka unaofuata.

Hinkle ni habari nyingine. Ilifunguliwa 1928 ikiwa na nafasi ya watu wapatao 15,000, na kwa zaidi ya miaka 20 hakukuwa na ukumbi wa kikapu mkubwa kuliko huo Marekani nzima. Hapa ndipo mwaka 1954 shule ndogo ya Milan, yenye wanafunzi 161, iliifunga Muncie Central 32-30 na kutwaa ubingwa wa shule za jimbo. Ukarabati uliokamilika 2014 ulipunguza nafasi hadi karibu 9,100, ukaweka viti vya kisasa sehemu ya chini na kusafisha madirisha. Madirisha hayo ndiyo ya kulipia. Mechi ya Jumamosi mchana, mwanga wa jua la Januari huingia kutoka juu na kuanguka juu ya mbao za uwanja, vumbi likionekana likielea kati ya mapao ya chuma. Kumbi za kisasa zisizo na dirisha hata moja hazina kitu hicho. Mechi ya saa 1 usiku unapata jengo zuri, lakini nusu yake.

Chini ni raha. Juu, sehemu kubwa bado ni mabenchi, na mwenye mgongo mbovu abebe cha kukalia. Vyoo na vibanda vya chakula viko kwenye korido za zamani zilizojengwa kwa watu wa enzi nyingine. Mapumziko ya nusu ni dakika 15, na ukisubiri filimbi ndiyo uinuke, utarudi kipindi cha pili kimeshaanza. Inuka dakika ya mwisho kabla ya nusu, au subiri pumziko la televisheni, ambalo huja mpira unaposimama baada ya saa kufika dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi.

Na timu? Butler ilicheza fainali mbili mfululizo chini ya Brad Stevens. Ya 2010 ilichezewa Indianapolis penyewe, wakafungwa na Duke 61-59 baada ya mtupo wa Gordon Hayward kutoka katikati ya uwanja kugonga ubao na pete kisha ukatoka. Ya 2011 walifungwa na UConn 53-41, mitupo ikigoma usiku kucha. Mafanikio yale yaliwapandisha: kutoka ligi ya Horizon kwenda ile ya Atlantic 10 mwaka 2012, kisha Big East, ngumu zaidi, mwaka 2013. Julai hiyohiyo Stevens akachukuliwa na Boston Celtics. Bei ya kupanda ngazi ikaanza kulipwa hapo. Katika Horizon, Butler ilikuwa samaki mkubwa kwenye dimbwi. Katika Big East kila wiki kuna Villanova au UConn mlangoni. Hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, mara yao ya mwisho kwenye mashindano ya NCAA ilikuwa 2018. Thad Matta, aliyewahi kuwa kocha hapo msimu wa 2000/01, alirudishwa 2022, na hata jina lake halikuondoa ukame.

Kwa hiyo Hinkle ni tiketi ya jengo. Nenda ukijua hivyo na hutajuta. Faida ya timu kuyumba ni kwamba tiketi hupatikana, mara nyingi hata wiki ya mechi, isipokuwa mgeni akiwa na jina. Mechi iliyoonyesha thamani ya jengo hili haikuwahusu hata wenyeji: Aprili 2024 fainali ya NIT, mashindano ya timu zilizokosa NCAA, ilichezwa pale, Indiana State, chuo cha mji wa Terre Haute, ikifungwa na Seton Hall 79-77. Indiana State ile, yenye ushindi 32, ilikuwa imenyimwa nafasi ya NCAA. Wiki chache baadaye kocha Josh Schertz alikuwa Saint Louis, na nyota wake mwenye miwani, Robbie Avila, akamfuata huko. Timu nzuri kuliko zote za Terre Haute tangu enzi za Larry Bird ilidumu msimu mmoja.

Sasa Bloomington, ambako malalamiko ndiko yaliko. Assembly Hall ilifunguliwa 1971 na inabeba watu 17,222. Usanifu wake ni wa ajabu: viti vingi viko pande mbili ndefu, vimepanda kwa mwinuko mkali, na nyuma ya vikapu kuna watu wachache. Faida ni kwamba hata ukikaa juu kwenye sehemu ya chini, unaona uwanja wote kwa chini yako bila kichwa cha mtu kukuziba. Hasara ziko mbili. Roshani ya juu iko mbali mno, wachezaji wanakuwa vijiti, na ngazi zake si za mtu mwenye magoti mabovu. Pili, roshani hiyo inaning'inia juu ya safu za nyuma za sehemu ya chini. Kabla ya kulipia safu hizo, muulize muuzaji kama ubao wa matokeo unaonekana. Ukarabati wa 2016, uliosukumwa na zawadi ya dola milioni 40 kutoka kwa Cindy Simon Skjodt, uliweka lango kubwa la kioo upande wa kusini na kuboresha huduma. Mwinuko ulibaki palepale.

Bendera tano za ubingwa zinaning'inia: 1940, 1953, 1976, 1981 na 1987. Ile ya 1976 ni ya msimu wa 32-0, na tangu hapo hakuna bingwa wa wanaume aliyemaliza bila kufungwa. Bendi inapopiga mapigo ya William Tell na bendera nyekundu kukimbizwa uwanjani, nywele husimama hata kwa shabiki wa Purdue, ingawa hatakiri.

Lakini hesabu iliyobaki ni chungu. Tangu kocha Bob Knight atimuliwe Septemba 2000, wamepita makocha sita wa kudumu. Mike Davis alifika fainali ya 2002. Kelvin Sampson aliondoka Februari 2008 kwa sababu ya simu zilizovunja kanuni za kusajili, akaacha magofu: Tom Crean alianza na ushindi 6 na vipigo 25. Crean aliwarudisha juu, akatwaa ligi 2013. Archie Miller, miaka minne, hakuwahi kucheza NCAA. Mike Woodson alidumu hadi 2025.

Aliyefuata, Darian DeVries, ni darasa zima la jinsi biashara hii inavyokwenda sasa. Alikuwa kocha wa chuo cha Drake kuanzia 2018 hadi 2024, akakaa West Virginia msimu mmoja, kisha Bloomington. Mwanawe Tucker, mchezaji, alimfuata vituo vyote vitatu. Kikosi cha kwanza cha DeVries hapo kilikuwa kipya chote. Mchezaji wa ufadhili wa msimu uliopita hakubaki hata mmoja. Nako Drake, Ben McCollum alishusha wachezaji wanne kutoka Northwest Missouri State ya daraja la pili, akashinda mechi 31 msimu wa 2024/25, na kabla Machi haijaisha akawa kocha wa Iowa.

Kanuni tatu zilileta hali hii. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu. Tangu Julai 2021 anaweza kulipwa kwa jina na sura yake. Na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumgawia mapato, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Katika Big Ten, ligi ya Purdue na Indiana, fungu kubwa la hizo humezwa na mpira wa miguu wa Kimarekani. Butler haina mdomo mkubwa hivyo wa kulisha, ila pia haina fedha za televisheni za Big Ten.

Upande wa ratiba: Big Ten ina timu 18 na kila moja hucheza mechi 20 za ligi, hivyo nyumbani utaona kumi tu. Purdue na Indiana hukutana mara mbili kila msimu. Mpinzani mwingine unayemtamani huenda asije mwaka huo. Bloomington iko kama kilomita 80 kutoka Indianapolis, West Lafayette kama 105. Treni ya Cardinal hupita Lafayette siku tatu tu kwa wiki, usiitegemee, kodi gari. Anayetoka Chicago ajue West Lafayette iko saa moja mbele: mechi ya saa 1 usiku kule ni saa 12 jioni kwenye saa yake. Begi liache hotelini, beba kifuko kinachoonyesha ndani, na tiketi ipakue kwenye simu kabla hujafika mlangoni, maana watu elfu kumi na kitu wakiwa kwenye mtandao mmoja, ukurasa haufunguki.

Mwenye bajeti ndogo anayetaka kukaa chini Assembly Hall aangalie ratiba ya wanawake. Timu ya Teri Moren ilitwaa ligi 2023, kiti cha safu za mbele hugharimu sehemu ndogo tu ya kile cha wanaume, na ukiwa pale chini ule mwinuko mkali unakuwa nyuma yako.